Kiti mwendo cha bei nafuu kinaweza kutengenezwa Dodoma, ila siyo kwa kupunguza chuma

#1 FundiKizota

Wakuu, salaam.

Mtaani kuna imani kwamba kiti mwendo cha fundi wa hapa kikitaka kushuka bei, dawa ni bomba jembamba, rangi mkono mmoja na kitambaa chochote kitakachopatikana. Mteja akilalamika bei, fundi anapunguza chuma. Miezi michache baadaye kiti kimekatika kwenye shingo ya gurudumu la mbele, mwenye nacho yuko chini, na watu wanasema "vitu vya ndani hivyo."

Mimi nachomelea Kizota. Mageti na madirisha ndiyo yanayonilisha, viti mwendo natengeneza vikiagizwa. Ninachotaka kusema ni kwamba chuma siyo kinachofanya kiti kiwe ghali. Hela inaliwa na kutengeneza kimoja kimoja.

Chukua bomba. Dukani linauzwa zima, mita sita hivi, na muuzaji hakukatii mita moja. Tuseme kiti kinakula mita saba. Ukitengeneza kimoja umenunua mabomba mawili, na mita tano zinabaki kona ya banda zikingoja mnunuzi wa skrepa. Ukitengeneza sita kwa mpigo unahitaji mita 42, yaani mabomba saba badala ya 12. Najua vipande havitagawanyika sawasawa mpaka mwisho, basi chukua manane. Bado umeokoa manne, na unene wa bomba hujaugusa.

Muda ndio mbaya zaidi. Kwenye kiti cha peke yake fundi anapima, anakata, anapiga pointi (vitone vya kushikiza tu), kisha anakuta moto umevuta ubavu mmoja, anagonga, anapima tena. Anayeshika elektrodi ananielewa. Dawa yake ni jigi: meza nzito ya chuma yenye vibano vilivyofungwa kwenye vipimo. Unalaza vipande, unabana, unapiga pointi pande zote, ndipo unajaza. Ubavu wa kulia na wa kushoto vinatoka pacha, na kijana aliyetoka VETA juzi anaifanya kazi hiyo vizuri kama wewe. Ila jigi inakula siku na inakula chuma, kwa hiyo mwenye oda ya kiti kimoja haitengenezi. Mwenye oda ya ishirini asipoitengeneza anajiibia.

Tukunje pia badala ya kukata. Kona za viti vyetu nyingi zimekatwa nyuzi 45 zikaunganishwa. Kila kiungo ni elektrodi, ni jiwe la grenda, ni umeme, na ni mahali pa kuvunjikia. Benda ya mkono inakunja bomba la inchi moja bila shida kama ukuta wake una milimita moja na nusu. Lile la ukuta wa milimita moja linabonyea kwenye kona, na hapo ndipo anayebania unene anapokwama: inabidi arudi kwenye viungo vile vile.

Saizi nazo zinatisha watu bure. Kama fremu haikunjiki katikati, ubavu ule ule unafaa kiti cha upana wa inchi 14, 16 na 18. Kinachobadilika ni vyuma vya kuvuka na kitambaa. Unatengeneza mbavu nyingi unaziweka, mtu akija unampima, unakata vya kuvuka, unamaliza. Na kiti kisichokunjika katikati kina chuma kidogo kuliko kile cha msalaba, chenye vyuma viwili vilivyopishana kama X chini ya kalio. Mgongo ulale mbele na magurudumu yachomoke, bajaji kinaingia.

Sasa magurudumu. Viti vingi vya kuagizwa vina tairi ya 24 kwa inchi moja na tatu ya nane. Ikichanika, utazunguka maduka ya baiskeli mpaka yafungwe. Tairi ya mauntenbaiki, 26 kwa 1.95, unaikuta mpaka kwenye minada ya vijijini. Kiti kifuate tairi iliyopo madukani. Ekseli peke yake ndiyo usiazime kwenye baiskeli. Ya baiskeli imeshikwa pande mbili, ya kiti mwendo imeshikwa upande mmoja, itapinda mapema. Weka shafti ya milimita 15 na beringi mbili za 6202 zenye kifuniko cha mpira. Ni beringi ya kawaida mno, iko hata kwenye mota za umeme. Habu, yaani vitovu vya gurudumu, zikichongwa ishirini kwa siku moja, mwenye mashine anakupa bei nyingine kabisa.

Wenye uzoefu karibuni. Na wenye kupinga pia.

#2 Mwana_Nkuhungu

Mkuu umeandika vizuri ila tuwe wakweli. Viti vya China vimejaa Kariakoo, vinang'aa, vinakunjika, na siku hizi mzigo Dar mpaka Dodoma siyo ishu. Kiwanda kinachotoa maelfu utashindana nacho kwa jigi ya Kizota?

#3 FundiKizota

Mkuu, bei ya siku ya kununua sishindani nayo. Nashindana na hesabu ya miaka mitatu.

Kile kiti cha msalaba kinachokunjika kilibuniwa Marekani miaka ya 1930 na Everest na Jennings. Everest alikuwa injinia wa migodi aliyeumia mgongo kazini, akataka kiti kitakachoingia kwenye gari. Kwa kazi hiyo ni muundo mzuri. Toleo la bei ya chini linalotufikia sisi ni la hospitali: mgonjwa anasukumwa na nesi koridoni, kwenye sakafu laini, kutoka wodini hadi eksirei. Vigurudumu vya mbele vidogo na vyembamba. Wewe unakaa Nkuhungu, mchanga wa huko unaujua. Kile kigurudumu kinazama, kiti kinasimama, mwili unaendelea mbele.

#4 Injinia_Makulu

Mleta uzi nakuunga mkono, na niongeze kwamba njia hii imeshapitiwa na watu, hatuanzi sifuri.

Ralf Hotchkiss, Mmarekani aliyepata ajali ya pikipiki mwaka 1966 na kubaki kwenye kiti, alianza mwaka 1980 kule Nicaragua kutengeneza viti na mafundi wenyewe watumiaji. Akajenga Whirlwind, na michoro aliigawa bure, mtu yeyote achomelee. Kwenye viti vyao kuna gurudumu la mbele la mpira, nene, pana, lenye mgongo wa mviringo, linaitwa gurudumu la Zimbabwe kwa sababu wazo lilitoka huko. Kwenye lami linagusa kidogo hivyo linateleza vizuri, kwenye mchanga upana wote unabeba. Hilo ndilo la Nkuhungu.

Shirika la Motivation la Uingereza lilichukua njia nyingine: magurudumu matatu, la mbele moja likiwa mbali na miguu, ili kiti kisipinduke kwenye mteremko wenye mawe. Walishirikiana na TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia pale hospitali ya KCMC, Moshi, kufundisha mafundi wa viti mwendo. Kwa hiyo mafundi waliosomea hii kazi wapo nchini.

Na kuna kile cha kusukuma kwa wenzo mbili, yaani fimbo za chuma, kilichobuniwa chuo cha MIT, Marekani, na Amos Winter baada ya kuja Tanzania mwaka 2005 na kuona watu wanavyohangaika na barabara. Ukishika juu ya fimbo unapata nguvu ya kupanda mlima au kutoka kwenye tope, ukishika chini unapata mwendo. Hakuna gia ya kubadilisha, gia ni mahali unaposhika. Sehemu zinazozunguka zote ni za baiskeli: mnyororo, friwili, beringi. Sababu yao ndiyo yako, kwamba fundi baiskeli yuko kila kijiji.

Ila nina ugomvi na wewe kidogo. Neno "imara" lipimwe. Kiwango cha kimataifa, ISO 7176 sehemu ya nane, kinataka kiti chenye mzigo kiendeshwe juu ya mapipa mawili yanayozunguka yenye vibao, mizunguko 200,000, kisha kidondoshwe kutoka sentimita tano mara 6,666. Mashine hiyo hatuna Kizota, lakini kudondosha tunaweza: mota ndogo, kamu ya chuma (kigurudumu chenye nundu ya kunyanyua na kuachia), gunia la mchanga la kilo 100 kitini, kiachwe kidondoke chenyewe siku nzima huku mtu anahesabu. Pale kitakapokatika ndipo pa kuongeza chuma. Kwingine unaweza hata kupunguza, na huko ndiko kushusha bei kwa akili.

#5 Kapuku_Mstaafu

Gunia la kilo 100 nyumbani kwangu lipo, linaitwa shemeji. Amekaa kwenye kochi tangu Krismasi. Mje mumchukue kwa majaribio.

#6 Viungo_na_Mazoezi

😂😂 Kapuku acha.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, niko huku huku kanda ya kati. Kaka fundi, umeeleza fremu, magurudumu, beringi, na mto hujautaja hata mara moja. Kwa mtu aliyeumia uti wa mgongo mto ndio kiti chenyewe. Hana hisia chini. Akikaa kwenye kitambaa kilicholegea au sponji iliyokwisha, mifupa ya makalio inabana nyama, damu haipiti, na kwa saa chache tu kidonda kinaanza bila yeye kujua. Vidonda vya kukaa nimeviona vinavyofika mfupani. Kuna watu wamepona ajali ya bodaboda wakaja kufa kwa kidonda.

Kwa hiyo ile hesabu yako ya miaka mitatu, weka na gharama ya kulazwa.

Sponji ngumu, vipande viwili, cha chini kimechongwa shimo pale mifupa inapokaa na cha juu laini kidogo, gamba lake la kitambaa kinachofulika na kisichopitisha mkojo. Hii siyo teknolojia ya MIT, inakatwa kwa kisu chenye makali. Na mwambie mteja anyanyue mwili au ainame mbele mara kwa mara, mto hauondoi wajibu huo.

Upana nao: watoto wenye mgongo wazi au mtindio wa ubongo wanapewa viti vya watu wazima "watakua navyo." Mtoto anaegemea upande mmoja mchana kutwa, uti wa mgongo unapinda. Ndiyo maana nimefurahi na hoja yako ya mbavu zile zile na vyuma vya kuvuka tofauti. Ila inchi 14 kwa mtoto wa miaka mitano bado ni kubwa. Fikiria 10 na 12, kina cha kiti nacho kipungue. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo kwa nchi zetu ulishasema hivi: kumpima mtu, kumrekebishia, kumfundisha na kumfuatilia ni sehemu ya kiti. Wanakadiria watu milioni 80 duniani wanahitaji, na kwenye nchi nyingi wanaokipata ni kati ya asilimia 5 na 35.

#7 BintiKongwa

Mimi natumia kiti, niko Kongwa, nasoma uzi huu tangu asubuhi nikisubiri mtu aulize wanaokikalia.

Kaka fundi, tairi ya 26 naikubali kwa upatikanaji, ila ukiweka kiti chini na gurudumu refu hivyo, mabega yanapanda kila ninaposukuma na jioni siwezi kuinua sufuria. Halafu gurudumu linasimama kati yangu na kitanda. Kuhama kutoka kitini kwenda kitandani, chooni, kwenye bajaji, ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kusukuma barabarani nafanya mara chache kuliko kuhama.

Baiskeli za watoto wakubwa zinatumia 24 pana, 24 kwa 1.95. Kongwa hapa ipo. Kwa nini usitumie hiyo?

La pili, mbigili. Wa mjini mnaongelea mchanga, sisi kiangazi kikiingia mbigili zimetapakaa njia nzima. Mpira usio na upepo niliwahi kutumia, hauna pancha ila unatikisa kichwa kama uko kwenye trekta, na ni mzito. Nilichokuja kubaki nacho ni tyubu kuukuu iliyopasuliwa na kulazwa kati ya tairi na tyubu mpya. Pancha hazikuisha, zimepungua sana.

La tatu, mkono wa kushikilia uchomoke na pa kukanyagia pafunguke pembeni. Mafundi wengi mnachomelea moja kwa moja kwa sababu ni rahisi. Rahisi kwa nani?

#8 FundiKizota

Dada Kongwa, hoja ya kuhama ndiyo nzito kuliko zote humu. Nimechora hivi: ile bati inayobeba ekseli iwe na matundu kadhaa, juu na chini, mbele na nyuma. Kiti kile kile kitapokea 24 au 26, na ekseli ikisogea mbele kidogo kiti kinakuwa chepesi kusukuma, ikirudi nyuma kinatulia kwa mtu mgeni au mwenye miguu iliyokatwa, maana uzito wa mbele umepungua kwake na anaweza kupinduka kisogo. Matundu hayaongezi gharama ya maana. Unatengeneza kiolezo kimoja cha kutobolea, unapitisha bati zote.

Mkono wa kuchomoka ni bomba dogo ndani ya bomba kubwa na pini. Ugumu wake ni kupata mabomba mawili yanayoingiliana bila kuchezacheza. Ukinunua kidogo kidogo, kila duka na ukubwa wake, moja linabana jingine linapwaya. Ukinunua mzigo mmoja yanalingana yote. Naona kila kitu kinanirudisha kwenye wingi.

Mtaalamu wa viungo, 10 na 12 nimeandika. Kwa hizo ubavu itabidi uwe mwingine mfupi, jigi ya pili.

#9 Hesabu_Zangu

Mimi wa mahesabu, na kuna kitu hamjakigusa kinachouma.

Kiti mwendo kikiingia nchini kimekamilika, ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki ni asilimia 0, na VAT kimesamehewa. Vizuri, hakuna anayelilia hilo. Lakini FundiKizota akienda kununua bomba, beringi, rangi, elektrodi, kwenye bei ya dukani kuna VAT asilimia 18. Na mabomba ya kutoka nje yana ushuru wa kulinda viwanda vya ndani, kwa hiyo hata bei ya la ndani inapanda nalo.

Mtasema basi adai marejesho. Hawezi. Bidhaa iliyosamehewa VAT haimpi mtengenezaji haki ya kudai kodi aliyolipa kwenye malighafi. Ingekuwa kwenye kiwango cha sifuri, kama bidhaa zinazouzwa nje, angeweza, mradi amesajiliwa. Asiyesajiliwa ndiyo kabisa, kodi anaimeza. Kwa mnunuzi msamaha na sifuri ni kitu kimoja, kwa kiwanda ni usiku na mchana. Mgeni anaingiza kiti bila kodi, mwenyeji anakitengeneza na kodi tumboni.

Wenye vyama vya watu wenye ulemavu, SHIVYAWATA na CHAWATA, wakati wa maoni ya bajeti ombeni viti mwendo vinavyotengenezwa nchini viwekwe kwenye sifuri, au malighafi yake isamehewe kwa utaratibu wa kuthibitishwa. Ombi lenye maneno hayo mawili linasomeka Hazina. Ombi la "serikali itusaidie" halisomeki.

#10 Mwana_Nkuhungu

Hapa kwenye kodi mmenishika. Sikuwa najua.

#11 Mzee_wa_Mvumi

Mbukwenyi wajukuu.

Mnasahau mpinzani mkubwa wa fundi, naye ni kiti cha bure. Kontena linakuja, watu wanapigwa picha, viti vinagawiwa saizi moja. Siku ya pili fundi aliyekuwa ameanza kutengeneza hana mteja, na mwaka unaofuata hakuna kontena wala fundi. Sisemi msaada usije. Nasema hela hiyo ya kontena ikinunua mbavu za huyu kijana, na pancha itazibwa hapa hapa.

#12 Afisa_Mtaa

Shikamoo mzee. Umegusa soko. Kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, 4 ni wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Vikundi vingi vya ile 2 vinaomba mtaji wa kuku na sabuni. Kikundi cha watumiaji wenyewe kikiomba mtaji wa benda, jigi na mabomba ya viti ishirini, fundi akiwa mwalimu wao, nadhani kina hoja kuliko kuku. Mkopo hauna riba, lakini ni mkopo, lazima mnunuzi awepo kabla. Hospitali, shule za bweni zenye watoto wenye ulemavu, makanisa, misikiti. Mkipata oda za maandishi ndipo muandike andiko.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, inataja vifaa saidizi. Mkiwa mezani kwa mkurugenzi itajeni kwa namba.

#13 FundiKizota

Shikamoo mzee Mvumi. Afisa, asante, hiyo ndiyo njia nitakayofuata, kwa mpangilio huu: kiti cha kwanza kitengenezwe bila jigi, kidondoshwe kama alivyosema Injinia mpaka kikatike, kirekebishwe. Jigi itengenezwe baada ya hapo. Ukitengeneza jigi ya muundo mbovu utatoa ubovu kwa kasi. Benda nitaulizia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kabla ya kununua.

Dada Kongwa, kiti hicho cha kwanza nataka kijengwe kwa vipimo vyako kama utaridhia. Vinne: upana wa nyonga ukiwa umekaa, makalio hadi nyuma ya goti, nyuma ya goti hadi unyayo, na kiti hadi chini ya bega. Usiviweke humu, nitumie inbox. Na uniambie urefu wa kitanda chako.

#14 BintiKongwa

Sawa kaka. Kitanda nitapima na kiti cha chooni pia. Ila ukikidondosha mpaka kikatike, mimi nitakalia nini?

#15 FundiKizota

Vinatengenezwa viwili dada. Mabomba nimeshasema, kimoja kimoja hasara.